Kutoka kiwandani kwenda kufundisha na kutafiti namna mameneja wanavyojifunza kazi: nianzie wapi?

MsimamiziZamu anauliza:

Wanajukwaa, salaamu.

Nimefanya kazi za uzalishaji viwandani kwa miaka 17. Nilianza nikiwa fundi wa matengenezo, nikawa msimamizi wa zamu, na miaka tisa ya mwisho nimekuwa meneja wa uzalishaji. Nina shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara ambayo niliisoma jioni na mwisho wa wiki huku nikiendelea na kazi. Sasa nafikiria kwa dhati kuhamia chuo kikuu, si kwa ajili ya kufundisha usimamizi kwa jumla, bali kufundisha na kutafiti jambo moja ambalo limenikaa kichwani: mameneja na wasimamizi hujifunzaje kazi yao?

Naomba nieleze kilichonisukuma, kwa sababu huenda ndicho kitakachowawezesha kunishauri vizuri. Mwaka juzi tuliwapeleka wasimamizi wetu wote 14 wa zamu kwenye mafunzo ya siku tatu kuhusu mawasiliano na makabidhiano ya zamu. Mkufunzi alikuwa hodari, fomu za tathmini zilijaa sifa, na kila mmoja alirudi na cheti. Wiki ya nne baada ya mafunzo, nilisimama kando ya mashine ya kufungashia saa kumi na mbili asubuhi, zamu ya usiku ikiikabidhi kazi kwa zamu ya asubuhi. Msimamizi aliyekuwa anatoka alijaza daftari la makabidhiano kama alivyofundishwa, kisanduku kwa kisanduku, na mahali pa hali ya mashine akaandika "kawaida". Kisha akafunga daftari, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha giaboksi, akakiacha hapo kama mzazi anayempima mtoto homa, akamwambia mwenzake: "Leo inalalamika. Usiikimbize kabla ya saa nne." Mwenzake naye akaweka kiganja palepale, akaitikia kwa kichwa, akaenda kuwapanga vijana wake. Katika hayo yote yaliyokuwa na maana, hakuna hata neno moja lililoingia daftarini.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza walijifunza wapi kufanya vile, ni nani aliyewafundisha, na kwa nini siku tatu za mafunzo hazikugusa kabisa mahali ambapo kazi yenyewe hufanyika. Nimejaribu kusoma makala za kitaaluma usiku baada ya kazi. Baadhi zimenifungua macho, nyingine sizielewi zinazungumza na nani.

Maswali yangu ni haya. Kwanza, uzoefu wa miaka 17 una thamani gani darasani na kwenye utafiti, na unaweza kuwa kikwazo kwa namna gani? Pili, shahada ya uzamivu ni ya lazima, na kama ni ya lazima, nichukue ile ya kawaida ya utafiti au ile ya kitaalamu inayojulikana kwa herufi DBA? Tatu, je, naweza kukitafiti kiwanda nilichomo? Suala la kipato kupungua tumelizungumza nyumbani na kulipigia hesabu, kwa hiyo sihitaji ushauri juu ya hilo. Nawashukuru mapema.

KalamuNaSpana anajibu:

Ndugu MsimamiziZamu, salaamu zako zimefika. Mimi nilitoka kwenye usafirishaji wa mizigo na maghala miaka 11 iliyopita, na kisa chako cha kiganja kwenye giaboksi nimekisoma mara mbili. Kitunze vizuri, nitakirudia.

Nianze na darasa, kwa sababu ndiko nilikojifunza kwa maumivu. Muhula wangu wa kwanza nilipewa somo la usimamizi wa uendeshaji, na niliingia nikiamini kwamba nina kitu ambacho wenzangu waliosoma moja kwa moja hadi uzamivu hawana, yaani visa vya kweli. Kisa nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha usiku ambao ghala letu kuu lilikosa umeme huku malori 22 yakisubiri kupakia, nami nikaamua tupakie kwa mikono shehena za dawa kwanza na wateja wakubwa wasubiri. Nilikisimulia kwa karibu saa nzima. Wanafunzi walisikiliza kwa makini, na wengine walibaki baada ya kipindi kuniuliza zaidi. Nilirudi ofisini nikiwa na hakika kwamba nimefundisha.

Mwisho wa muhula niliweka swali la mtihani lenye mazingira tofauti kabisa: bidhaa nyingine, uharaka wa aina nyingine, mkataba wenye masharti mengine. Kati ya karatasi 48 nilizosahihisha, 41 zilirudia uamuzi wangu wa usiku ule karibu neno kwa neno, hata pale ambapo ungeleta hasara tupu. Nilikaa na karatasi zile mezani hadi usiku. Nilikuwa nimewafundisha nilichoamua mimi. Namna ya kufikia uamuzi sikuwa nimeigusa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba uzoefu, ukisimuliwa kama ushindi uliokwisha kamilika, humfungia mwanafunzi mlango uleule ambao mwalimu anadhani anaufungua.

Muhula uliofuata nilikikata kisa katikati. Niligawa karatasi nne tu, zilezile nilizokuwa nazo mezani usiku ule: orodha ya malori na mizigo yake, ujumbe wa mteja mkubwa kuliko wote, makadirio ya mafundi kwamba umeme ungerudi baada ya saa moja, na ratiba ya madereva ambao saa zao halali za kuendesha zilikuwa zinakaribia kwisha. Halafu nikanyamaza. Kunyamaza huko ni kugumu kwa mtu aliyezoea kuulizwa na kujibu papo hapo. Mikono inawasha, ulimi unataka kusaidia. Baada ya dakika ishirini hivi, mwanafunzi mmoja aliyekuwa amekaa nyuma aliuliza: "Nani alisema umeme utarudi baada ya saa moja, na yeye alijuaje?" Hilo ni swali ambalo mimi, pamoja na miaka yangu yote ya kazi, sikuliuliza usiku ule, na umeme haukurudi hadi alfajiri. Tangu hapo nimeshika njia hiyo.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza ni kwamba uzoefu una thamani kubwa endapo utakubali kuufungua upya mbele ya watu ambao hawakuwepo na ambao hawana sababu ya kukutii. Kikwazo ni pale unapoutumia kama hati ya kushinda mabishano.

Kuna mtu mmoja ambaye nadhani unapaswa kumfahamu mapema, Reg Revans wa Uingereza. Alianza kama mwanafizikia katika maabara ya Cavendish huko Cambridge, na miaka ya 1940 akafanya kazi ya elimu na mafunzo katika sekta ya makaa ya mawe. Badala ya kuwakusanya mameneja wa migodi na kuwahutubia, aliwataka wakutane wao kwa wao, kila mmoja na tatizo lake halisi ambalo hakuwa na jibu lake, waulizane maswali na kutembelea migodi ya wenzao. Njia hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa kujifunza kwa vitendo. Aliifupisha kwa mlinganyo rahisi: kujifunza ni maarifa yaliyokwisha kupangwa vitabuni, ukijumlisha na uwezo wa kuuliza maswali yenye kupenya. Mwaka 1955 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Manchester, na mwaka 1965 akajiuzulu na kwenda kuendeleza kazi yake Ubelgiji. Namtaja kwa sababu alivuka mpaka unaotaka kuuvuka wewe, na akauvuka zaidi ya mara moja.

Kuhusu njia ya kuingia, nakushauri uombe kwanza kufundisha somo moja kwa muda ukiwa bado kazini, walau kwa mihula miwili. Utajua kama unapenda kufundisha au unapenda kusikilizwa, na hayo ni mambo mawili tofauti. Pia fahamu kwamba shule nyingi za biashara zina nafasi za walimu wanaotoka kazini. AACSB, chombo cha ithibati cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1916, huwapanga walimu kwa kuangalia mambo mawili: maandalizi waliyoanza nayo, ya kisomo au ya kazi, na shughuli wanazoendelea nazo ili wasipitwe na wakati. Maana yake, mtu wa kazini anaweza kupata nafasi ya kufundisha kwa uzito wa kazi yake, ila atatakiwa kuendelea kuonyesha kwamba uzito huo haujapungua. Nafasi hizo, hata hivyo, mara nyingi hazikupi muda wala usimamizi wa kufanya utafiti. Ukitaka utafiti, uzamivu ni lazima, na mimi ningeusubirisha hadi baada ya miaka miwili ya kufundisha.

La mwisho ni mwendo wa kazi. Kiwandani unaamua saa tatu na saa sita unaona matokeo. Makala yangu ya kwanza ilichukua zaidi ya miaka miwili tangu nilipoituma hadi ilipochapishwa, na katikati ilirudi mara tatu ikiwa na maoni ya wahakiki ambayo yalikuwa marefu kuliko baadhi ya sura zangu. Jiandae kwa hilo.

Msomi_Mlezi anajibu:

Ndugu MsimamiziZamu, mimi sikutoka viwandani. Nimekuwa chuoni maisha yangu yote ya kazi na nimesimamia tasnifu za uzamivu za watu 13, tisa kati yao wakiwa wametoka kwenye kazi kama yako. Naomba niongezee upande wa utafiti, maana KalamuNaSpana ameshaligusa darasa kwa undani ambao siwezi kuuongezea.

Rasimu ya kwanza ya pendekezo la utafiti kutoka kwa mtu wa kazini karibu kila mara huwa na umbo moja: tatizo, sababu zake, na mapendekezo matano. Imeandikwa vizuri, kwa uhakika, na haina swali ndani yake. Si kosa la akili. Ni mazoea ya miaka mingi ya kuandika ripoti ambazo mkuu wa idara atazisoma kwa dakika tano na kutaka kujua afanye nini. Kazi yetu ya miezi sita ya kwanza huwa ni kurudi nyuma, kutoka kwenye mapendekezo hadi kwenye jambo ambalo mtafiti mwenyewe kwa kweli halielewi. Wewe una bahati, kwa sababu umeanza na jambo usilolielewa. Usikubali mtu yeyote akuharakishe kulitolea jibu.

Nitakuonyesha kwa nini nasema hivyo. Tukio lako la dakika mbili linaweza kusomwa kwa njia tatu angalau, na kila njia itakupeleka kwenye utafiti tofauti.

Njia ya kwanza ni ya mwanafalsafa Michael Polanyi, ambaye mwaka 1966 alieleza kwamba tunajua mengi kuliko tunayoweza kuyasema. Ukimfuata yeye, macho yako yatakwenda kwenye kiganja: mkono ule unajua nini, unatofautishaje mtetemo mbaya na wa kawaida, na ni kiasi gani cha ujuzi huo kinaweza kutamkwa bila kuharibika.

Njia ya pili ni ya Chris Argyris na Donald Schön. Mwaka 1974 walitenganisha nadharia ambayo mtu huinadi anapoulizwa anafanyaje kazi, na nadharia ambayo kweli inaongoza matendo yake. Ukiwafuata hawa, utaacha kukitazama kiganja na utalitazama neno "kawaida". Kwa nini mtu anayejua kwamba mashine inalalamika aandike kwamba iko kawaida? Sikijui kiwanda chako, lakini jiulize nini kingetokea kama angeandika alichokihisi. Je, ingefunguliwa hati ya matengenezo, mashine ikasimamishwa, lengo la zamu likakosekana, na mwenzake akaanza siku kwa kuitwa ofisini? Kama ndivyo, basi daftari halikukosa habari kwa sababu ya uzembe au mawasiliano duni. Lilikosa habari kwa sababu wasimamizi wawili wenye busara walijua ni wapi pa kuiweka ili isimdhuru mtu. Mwaka 1978 waandishi haohao walizungumzia kujifunza kwa mzunguko mmoja na kwa mizunguko miwili: mzunguko wa kwanza ni kurekebisha kosa huku malengo na taratibu zikibaki kama zilivyo, wa pili ni kuhoji malengo na taratibu zenyewe. Mafunzo yenu ya siku tatu yalirekebisha ujazaji wa fomu. Hayakuuliza kama daftari ni mahali salama pa kusemea ukweli. Tena, naomba unisamehe kwa kulisema hili, meneja aliyekuwa analisoma daftari hilo kila asubuhi ulikuwa wewe.

Njia ya tatu ni ya Jean Lave na Etienne Wenger, walioandika mwaka 1991 kwamba watu hujifunza kwa kushiriki, wakianzia pembezoni mwa kazi na kusogea taratibu hadi katikati. Mmoja wa mifano yao ni mafundi cherehani wa Liberia. Mwanafunzi huko haanzi na kukata kitambaa, ingawa kukata ndiyo hatua ya kwanza ya kutengeneza nguo. Anaanza na mwisho: vifungo, pindo, kupiga pasi. Kwa kumalizia nguo alizozianza wengine anaijua sura ya nguo nzima, na akikosea mwanzoni hapotezi kitambaa. Ukiwafuata hawa, utaacha kuwatazama wasimamizi wawili na kumtafuta mtu wa tatu, kijana aliyekuwa amesimama karibu akiwatazama. Alikuwepo? Aliruhusiwa kuweka kiganja chake? Ni lini mtu huanza kuhesabiwa miongoni mwa wale wanaoambiwa kwamba "inalalamika"?

Waandishi hawa hawakubaliani katika kila jambo, na huwezi kuwabeba wote ndani ya tasnifu moja. Kuchagua ni uamuzi wako wa kwanza kama mtafiti, na utauchukua ukiwa na wasiwasi, kwa sababu hakuna namba itakayokuthibitishia.

Kuhusu mbinu, tahadhari moja. Watu wanaotoka kwenye uongozi hupenda mahojiano, kwa kuwa wamezoea kuzungumza na watu na kupata majibu. Lakini mahojiano mara nyingi hukupa kile kinachonadiwa. Henry Mintzberg, mtafiti wa usimamizi kutoka Kanada, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1973, aliwafuata wakurugenzi wakuu watano, kila mmoja kwa wiki moja, akiandika walichokuwa wanakifanya. Alikuta siku zilizokatwakatwa, shughuli za dakika chache chache, na mazungumzo mengi ya ana kwa ana, tofauti sana na picha ya meneja anayepanga na kuratibu kwa utulivu. Watu watano tu, lakini alikuwepo. Wewe ulisimama kando ya mashine saa kumi na mbili asubuhi, na ndiyo maana uliona ulichokiona.

Sasa swali lako la tatu. Kukitafiti kiwanda unachokiongoza kunawezekana, na kuna mapokeo mazima ya utafiti unaofanywa na mtu akiwa ndani ya taasisi yake, ambayo mizizi yake inarudi hadi kwa mwanasaikolojia Kurt Lewin na utafiti-tendaji wake wa miaka ya 1940, yaani kujaribu mabadiliko katika mazingira halisi na kujifunza kutokana na matokeo yake. Ugumu wake ni mamlaka. Msimamizi wa zamu ambaye wewe ndiye unayemwandikia tathmini ya mwaka hana uhuru kamili wa kukukatalia, hata ukimpa fomu ya idhini yenye maneno mazuri kiasi gani. Kamati ya maadili ya utafiti itakuuliza hilo, na ina haki. Wanafunzi wangu wawili walilitatua kwa kubadilishana: kila mmoja alikusanya data kwenye taasisi ya mwenzake. Mwingine alisubiri hadi alipoacha cheo, kisha akaomba kurudi kama mgeni. Alisema siku ya kwanza aliyokaa kwenye benchi la kantini bila kofia ya rangi ya wakubwa, alisikia mambo ambayo hakuyasikia kwa miaka sita.

Kati ya uzamivu wa kawaida na DBA, tofauti kubwa ni mchango unaotarajiwa. Wa kwanza unataka uongeze kitu kwenye nadharia, wa pili unataka kitu kitakachobadilisha utendaji, ingawa vyote viwili vinadai utafiti wa kweli na DBA nyingi hupangwa kwa ajili ya watu walio kazini. Iwapo lengo ni ajira ya kudumu yenye utafiti, soma matangazo ya kazi ya vyuo unavyovitaka uone vinakubali ipi kabla hujalipa ada. Na mchague msimamizi kabla ya jina la chuo. Soma tasnifu mbili za wanafunzi wake, uwatafute, uwaulize aliwajibu baada ya muda gani.

Nampinga KalamuNaSpana kwenye jambo moja tu. Kungoja miaka miwili ya kufundisha ndipo uanze uzamivu ni hatari. Mzigo wa kufundisha hukua kila muhula, na nimewaona watu wazuri ambao miaka yao miwili ilikuwa minane. Anza kusoma sasa.

MafunzoKazini anajibu:

Nami nichangie kwa ufupi, nikiwa upande mwingine. Nimeongoza idara ya mafunzo ya wafanyakazi kwa miaka 12, na mafunzo ya siku tatu aliyoyataja MsimamiziZamu ni ya aina ambayo huwa naagiza mimi. Ningependa kusema kwamba hatuyaagizi kwa kutojua. Bajeti hupimwa kwa idadi ya watu waliofunzwa na saa walizokaa darasani, na hakuna safu kwenye ripoti yangu ya kuandika kwamba kijana fulani sasa anaruhusiwa kuweka kiganja kwenye giaboksi.

Ombi langu kwako ni moja: kabla hujaondoka, fikiria kama huwezi kufanya sehemu ya kazi hiyo hapohapo ulipo. Sisi tulio ndani tunawahitaji watu wanaouliza unavyouliza. Utafiti mwingi unaotufikia umeandikwa kwa lugha ambayo mimi, mwenye shahada mbili, naisoma kwa shida, na unatufikia wakati programu zimeshapangwa. Ukihamia chuoni, tafadhali usiache kuandika kwa ajili yetu.

MsimamiziZamu anajibu:

Nawashukuru sana nyote. Msomi_Mlezi, sina cha kukusamehe. Nilisoma sentensi yako kuhusu msomaji wa daftari nikiwa nimekaa ofisini, na daftari lenyewe lilikuwa mbele yangu. Nililifungua na kuhesabu: katika makabidhiano 60 ya mwezi uliopita, neno "kawaida" limo mara 57. Na ni kweli, siku ambazo liliandikwa neno lingine, nilipiga simu kabla sijanywa chai. Sikuwahi kuiona simu yangu kama sehemu ya jibu.

Ndugu MafunzoKazini, ombi lako nimelipokea kwa uzito. Nimeamua kuomba somo moja la kufundisha kwa muda, na wakati huohuo kuandika pendekezo la utafiti, hivyo sitaondoka mwaka huu.

Nimebaki na swali moja. Kwa miaka tisa nimekuwa nikiandika shajara ya kazi kila jioni, nusu ukurasa hivi, na ninazo shajara 11 zilizojaa. Zina majina ya watu, ugomvi, makosa yangu na ya wenzangu, na baadhi ya takwimu za uzalishaji. Je, hizo ni data?

Msomi_Mlezi anajibu:

Zinaweza kuwa data, lakini si zako peke yako. Takwimu za uzalishaji ni mali ya kampuni, na utahitaji kibali cha maandishi cha kuzitumia. Watu waliotajwa humo hawakujua kwamba siku moja wangesomwa na mtafiti, na wengine huenda wameshaondoka au hawatakubali. Usimwonyeshe mtu shajara hizo, mimi nikiwemo, kabla kamati ya maadili haijakupa mwongozo. Usizipige chapa kwenye kompyuta ya kazini. Wala usizihariri, kishawishi cha kulifuta neno kali ulilolisema miaka saba iliyopita kitakuja, na ukilifuta utakuwa umeiharibu sehemu iliyo na faida kubwa kuliko zote.

Ila kuna matumizi ambayo hayahitaji kibali cha mtu. Zisome mwenyewe kama mtu anayemsoma meneja mwingine, ukitafuta siku ambazo ulibadilisha mawazo. Si siku ulizoshinda wala ulizoshindwa. Zile ambazo jioni uliandika jambo ambalo asubuhi usingeliandika. Nadhani zitakuwa chache kuliko unavyotarajia. Ukizipata, angalia nani alikuwepo, nini kilisemwa, na kama ulifundishwa au uligongana na kitu. Hapo utakuwa na meneja mmoja anayejifunza, aliyetazamwa kwa miaka tisa, na huyo atakusaidia kujua uwaulize nini wengine.

Na lile tukio la giaboksi, liandike leo. Ukurasa mmoja au miwili: ulisimama wapi, mwanga ulikuwaje, nani mwingine alikuwa karibu, walisema nini kwa mpangilio gani, wewe ulifanya nini baada ya hapo. Pale kumbukumbu inapokatika, andika kwamba imekatika. Fanya hivyo kabla hujafungua makala nyingine yoyote, maana baada ya kumsoma Polanyi utaanza kukumbuka kiganja zaidi ya kilivyokuwa, na baada ya kuwasoma Lave na Wenger utamkumbuka kijana ambaye huenda hakuwepo. Weka tarehe juu ya ukurasa, kisha uanze kusoma.